Daftari Moja, Wasomaji Walio Mbali: Kufundisha Matumizi ya Hifadhidata ya Pamoja

Katika kufundisha TEHAMA walimu wengi wa shule za msingi huanza kwa kutaja sehemu za kompyuta: kioo, kibodi, kipanya na kadhalika. Watoto huyakariri majina hayo, kisha huyasahau. Katika makala hii tunapendekeza njia nyingine kwa mada ambayo huelekea kukwepwa, yaani namna watu walio mbali na ofisi wanavyoweza kutumia hifadhidata moja iliyomo ofisini humo. Mada hii yaweza kufundishwa bila ya kompyuta hata moja darasani. Aidha, mwalimu apangiwapo kituo kijijini huenda akaombwa awe katibu wa chama cha hiari, na hapo ndipo atakapoulizwa jinsi ya kuwaunganisha watu wa wilayani na ofisi ya mjini.

Tuchukue mfano. Chama kimoja cha hiari kina ofisi Dodoma mjini na wafanyakazi wawili nje ya mji, mmoja Kondoa na mwingine Mpwapwa. Kazi yake ni kuwapatia sare na madaftari watoto wa jamaa zenye dhiki. Majina ya watoto, shule zao, walezi wao na vitu walivyopokea yamehifadhiwa katika kompyuta moja pale Dodoma. Mfanyakazi wa Kondoa anataka kujua kama mtoto fulani amekwisha kupewa sare. Afanyeje?

Jibu la haraka ni kumpelekea nakala ya orodha nzima kwa barua pepe. Baada ya majuma mawili chama kitakuwa na orodha tatu, kila moja ikiwa na masahihisho yake. Mtoto aliyehama kutoka Kondoa kwenda Mpwapwa atakuwamo katika orodha mbili na kupewa sare mara mbili. Mwingine ataachwa kabisa, kwa kuwa kila mfanyakazi anadhani yumo katika orodha ya mwenzake.

Jibu la pili ni kulifungua faili la Dodoma kutoka Kondoa. Programu kama Microsoft Access, iliyotolewa kwanza mwaka 1992, huiweka hifadhidata katika faili moja lisilozidi gigabaiti 2. Ndani ya ofisi moja, watu kadhaa waweza kulitumia faili hilo bila taabu kubwa. Lakini mtumiaji akiwa mbali, kompyuta yake ndiyo inayofanya kazi ya kutafuta, nayo hulazimika kuviita vipande vya faili kimoja baada ya kingine. Hapa pana hesabu nzuri ya Darasa la Sita: ikiwa jina moja linahitaji safari 400 za kwenda na kurudi, na kila safari ni sekunde 0.1, mfanyakazi atangoja sekunde 40. Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, Julai 2009, safari za namna hiyo zimefupika sana. Hata hivyo wepesi wa njia hauzuii njia kukatika, na ikikatika wakati faili linaandikwa, faili laweza kuharibika kwa watu wote.

Njia iliyo bora ni kuliacha daftari mahali pake na kulisafirisha swali. Mafundi hulitimiza jambo hili kwa namna mbili. Namna ya kwanza, mfanyakazi wa Kondoa huitawala kompyuta ya Dodoma kutoka mbali. Kinachosafiri ni picha ya kioo na vibonyezo vyake tu. Ni rahisi kuanzisha, ila Windows ya kawaida ya ofisini huruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, tena kompyuta hiyo sharti iwe imewashwa. (Umeme wa Dodoma ukizimika, Kondoa nayo imezimika.) Namna ya pili, hifadhidata huwekwa katika seva, chini ya programu kama MySQL au PostgreSQL, ambayo hupokea swali, hutafuta yenyewe, na kurudisha jibu peke yake. Ikiwa njia itakatika katikati ya badiliko, seva hulifuta badiliko lote lililokuwa halijakamilika, wala haiachi nusu. Sisi twaiona hii kuwa ndiyo inayofaa chama chenye watumiaji zaidi ya wawili, ingawa huhitaji fundi wa kuiandaa.

Sasa tuje darasani. Kanuni ya kutoka katika yanayojulikana kwenda katika yasiyojulikana yatufaa sana hapa, maana kila mtoto analijua daftari la mahudhurio. Mwalimu atayarishe daftari la mfano lenye majina kumi ya kubuni, pamoja na vipande vya karatasi. Katika zamu ya kwanza, vikundi vitatu vinakili daftari lote, vitawanyike katika pembe tatu za darasa, na kila kikundi kipewe mabadiliko yake: huyu amehama, yule amepewa sare, jina hili limekosewa. Baada ya dakika kumi vikusanyike na kujaribu kupata orodha moja ya kweli. Waachwe wabishane. Mwalimu asiharakishe kuamua, kwa sababu ubishi huo ndio utakaowafanya waione haja ya zamu ya pili.

Katika zamu ya pili daftari libaki mezani kwa mtoto mmoja, mtunza daftari. Vikundi viandike maswali na mabadiliko katika vipande vya karatasi na kuvipeleka kwa mjumbe. Mwalimu apange mapema kwamba vikundi viwili vitaleta mabadiliko ya mstari mmoja kwa wakati mmoja, kisha aulize: mtunza afanye nini? Watoto wenyewe hufikia kusema kwamba mmoja angoje hadi mwenzake amalize, na hivyo ndivyo seva ifanyavyo. Mjumbe naye azuiwe njiani mara moja kabla ya kufikisha karatasi. Daftari limebadilika? Halikubadilika, wala halikuharibika. Karatasi itaandikwa tena.

Zamu ya tatu ni ya usalama, nayo isiachwe kwa kisingizio cha muda. Hifadhidata ya chama chetu ina habari za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka habari za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Mlango wa kuitawala kompyuta kutoka mbali ukiachwa wazi kwenye intaneti, wezi huupata haraka, kwa kuwa wana programu zinazobisha hodi katika anwani zote usiku na mchana. Kwa hiyo fundi huweka kwanza njia ya faragha, iitwayo VPN, ambayo hufumba maneno yote yapitayo, na aliye nje ya njia hiyo hauoni mlango wenyewe. Darasani karatasi zikunjwe na kutiwa katika bahasha zilizofungwa.

Kisha kila kikundi kipewe kadi yenye jina lake, na mtunza awe na orodha ya ruhusa: Kondoa wasome na kuandika habari za Kondoa tu, mweka hazina aone hesabu ya sare bila majina ya walezi. Kadi moja isitumiwe na vikundi viwili, kama vile nenosiri moja lisivyopaswa kugawiwa ofisi nzima, kwani hapo haitajulikana ni nani aliyeandika nini.

Mwisho, mwalimu alichukue daftari na kulificha, aseme limeungua. Kama hakuna aliyeagizwa kunakili kila jioni na kuiweka nakala chumba kingine, darasa halina kitu. Kama nakala ipo, mtoto mwingine aifungue na kujibu swali moja kutoka humo, mbele ya wote, kabla kengele haijalia.