Je, Wajua? Abasia ya Fontenay, Ufaransa

• Fontenay, iliyomo bondeni katika eneo la Burgundy, ilianzishwa na Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux mwaka 1118. Kanisa lake lilitabarukiwa na Papa Eugenio III mwaka 1147.

• Ukiingia humo usitafute michoro wala vioo vya rangi. Wamonaki wake, wa shirika la Citeaux, waliyapiga marufuku mapambo ya aina hiyo, wakiona yanamhamisha mtu mawazo akiwa anasali. Utakutana na mawe matupu, matao yaliyochongoka kidogo juu, na mwanga wa jua.

• Wamonaki walilala pamoja katika ukumbi wa ghorofani. Ngazi zake zinashukia moja kwa moja kanisani, ili kengele ya usiku ikilia wawahi sala.

• Wanakili wa vitabu walikuwa na bahati: karibu na chumba chao palikuwa na chumba cha kuotea moto. Wakati wa baridi kali walipasha vidole humo, kisha wakarudi kuandika.

• Sala haikuwafanya waache kazi za jasho. Walijenga karakana ya chuma yenye urefu wa takriban mita 53, ambamo gurudumu lililosukumwa na maji liliinua nyundo nzito za kufulia chuma.

• Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa abasia iliuzwa, ikageuzwa kiwanda cha karatasi. Ukarabati ulianza mwaka 1906, na mwaka 1981 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia.

• Kanuni ya Mtakatifu Benedikto waliyoifuata wamonaki wa Fontenay ndiyo inayofuatwa leo na wamonaki wa Peramiho na Ndanda, Tanzania.