Daftari la Sumu na Mtego Wake

Ukilowesha pamba katika mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya salfa, kisha ukaiosha na kuikausha, kwa macho hutaona tofauti kubwa. Iguse kwa njiti ya kiberiti: itawaka mara moja na kutoweka, bila kuacha majivu. Imekuwa nitroselulosi, kiini cha baruti isiyo na moshi. Kazi hiyo imefanyika tangu enzi za Vita vya Pili vya Dunia katika kiwanda cha Radford, jimbo la Virginia, Marekani. Kiwanda ni mali ya jeshi, nacho kiko kando ya mto New. Asidi inayobaki huondolewa ukali kwa alkali, na huko huzaliwa chumvi ziitwazo naitreti, zinazotiririka hadi mtoni kwa mamilioni ya pauni kwa mwaka.

Tunajua kwa sababu sheria inakilazimisha kiwanda kusema. Desemba 1984 gesi ilivuja usiku huko Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Agosti 1985 kiwanda kingine cha kampuni ileile, Union Carbide, kikavujisha kemikali huko Institute, West Virginia, na zaidi ya watu 100 wakapelekwa hospitali. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya haki ya jamii kujua. Viwanda binafsi vikaanza kuandika, katika daftari la sumu la taifa, hesabu za mwaka 1987: kemikali gani, kiasi gani, hewani, majini au ardhini. Serikali ilijiweka nje ya daftari hilo hadi Agosti 1993, Rais Clinton alipoamuru taasisi zake nazo ziandike.

Hesabu hupatikanaje? Mara nyingi hakuna anayesimama na chombo kwenye bomba mwaka mzima. Fikiria mpishi wa maandazi: amenunua kilo 10 za unga, kilo 9 zimeingia kwenye maandazi, basi kilo 1 imebaki bakulini, viganjani na sakafuni. Kiwanda nacho hukadiria hivyo, na sheria inaruhusu. Kwa hiyo tarakimu zile ni makadirio ya mwenye mali mwenyewe. Zina kasoro, lakini nazithamini: mwaka 1988 mkuu wa kampuni ya kemikali ya Monsanto, alipoziona, aliahidi kupunguza kwa asilimia 90 sumu inayotolewa hewani, hata kabla majirani hawajaanza kuzisoma.

Mtego uko kwenye kulinganisha miaka. Naitreti ziliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuandikwa kuanzia ripoti za mwaka 1995, pamoja na kemikali nyingine zaidi ya 200. Katika kiwanda cha aina hii, anayelinganisha 1994 na 1995 anaweza kuona jumla imepaa, akadhani mtambo umepasuka. Kumbe mto ni uleule, maji taka ni yaleyale. Kilichoongezeka ni mstari kwenye fomu.

Tena uzito haukuambii hatari. Pauni moja ya zebaki si sawa na pauni moja ya naitreti, ambayo ni ndugu wa mbolea ya CAN anayoijua mkulima wetu. Zebaki huandikwa ikitumika pauni 10 tu kwa mwaka. Naitreti nayo hudhuru zaidi mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji yenye kiwango chake kikubwa, kwa kuwa damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Pale linalohesabika ni miligramu ngapi kwa lita, na daftari halisemi hilo.

Mwisho wa kuwasilisha ripoti za mwaka uliopita ni 1 Julai, na zikishatolewa husomwa bure mtandaoni kwa namba ya posta ya mtaa. Kama uko Virginia au Ohio, au una ndugu huko, kitafute kiwanda cha jirani. Usisome mwaka mmoja, soma kumi, na kwanza uangalie orodha ilibadilishwa lini.