Uwanja wa Michezo Usiomwacha Mtoto Nje

Kucheza si kupoteza wakati kama wengine wadhanivyo. Mtoto achezaye hujifunza kukimbia, kungoja zamu yake na kupatana na wenziwe. Ndiyo sababu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unautaja mchezo kuwa haki, katika kifungu cha 31. Lakini hebu tazama uwanja wa michezo wa kawaida: bembea, ngazi, mahali pa kuteleza, na mchanga chini. Je, mtoto aendaye kwa kiti cha magurudumu atafanya nini hapo? Atakaa ukingoni na kuwatazama wenzake. Katika makala haya nitaeleza jinsi Wamarekani walivyojaribu kuliondoa jambo hilo katika bustani zao, na yale yapasayo kufikiriwa kabla mtu hajaanza kujenga.

Tuanze na kiwanja cha kuchezea maji. Hiki si bwawa la kuogelea. Ni sakafu ngumu isiyoteleza, yenye matundu yarushayo maji juu, na pengine mabomba yanayomwaga maji kama mvua. Maji hayatuami, bali hukimbilia mferejini mara moja. Basi mtoto asiyejua kuogelea aweza kucheza, na kwa kuwa hakuna ngazi wala ukingo wa kuruka, kiti cha magurudumu huingia moja kwa moja.

Maji hayo hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutumia maji safi ya bomba mara moja tu, kisha kuyaachilia yaende zake au kuyanyweshea miti. Ni njia salama, lakini hula maji mengi. Kwa hiyo huwekwa kitufe: mtoto akikibonyeza, maji hutoka kwa dakika chache, kisha hujifunga yenyewe. Njia ya pili ni kuyakusanya maji katika tangi chini ya ardhi, kuyachuja, kuyatia dawa ya klorini, na kuyarusha tena. Hii huokoa maji, lakini yataka uangalizi mkubwa.

Asidhani mtu kuwa uangalizi huo ni jambo dogo. Mwaka 2005, katika bustani moja ya jimbo la New York, kando ya ziwa Seneca, watu zaidi ya 2,000 waliugua tumbo baada ya kucheza katika kiwanja cha namna hiyo. Kijidudu kilicholeta maradhi huitwa kriptosporidio. Hutoka katika kinyesi, na watoto wadogo wenye kuharisha wakikaa juu ya matundu, maji huwasafisha na kukichukua mpaka tangini. Kijidudu hiki huweza kuishi siku kadha wa kadha hata katika maji yaliyotiwa klorini ipasavyo. Tena maji yanaporushwa hewani, nguvu ya klorini hupungua upesi. Dawa yake ni kuyapitisha maji mbele ya mionzi ya urujuanimno kabla hayajarudi kwa watoto, na kuwakataza waharishao wasiingie.

Sasa tuje kwenye uwanja wenye vyombo vya kuchezea. Marekani ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 1990, na vipimo vya viwanja vya michezo vilivyotolewa mwaka 2010 vilianza kushurutishwa mwaka 2012. Njia ya chini iwe na upana wa sentimeta 152 hivi, ili viti viwili vipishane. Mwinuko wake usizidi kipimo kimoja kwenda juu kwa kila vipimo 16 vya urefu. Angalau nusu ya vyombo vilivyo juu viwe vyafikika kwa njia hiyo. Ardhi nayo ina masharti mawili: iwe laini kwa aangukaye, na iwe imara kwa gurudumu. Mchanga hutimiza sharti la kwanza tu, maana gurudumu huzama. Mpira uliomwagwa na kushikamana hutimiza yote mawili.

Lakini vipimo peke yake havitoshi. Huko San Antonio, Texas, mjenzi mmoja aitwaye Gordon Hartman alimwona binti yake, Morgan, mwenye ulemavu, akijaribu kucheza na watoto wengine bwawani, nao wakaondoka. Mwaka 2010 alifungua bustani ya michezo kwa jina la binti huyo, na mwaka 2017 akaongeza ya maji. Humo mna viti vya magurudumu viendeshwavyo kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri, kwa kuwa betri na maji havipatani. Maji ya sehemu moja hupashwa moto kwa ajili ya wasiostahimili baridi. Wasio na ulemavu huingia pia, nao hulipa. Hilo ndilo jambo kubwa: watoto wote wacheze pamoja, wala asitengwe mmoja katika pembe yake.

Basi, wapangao uwanja waanze kwa kuwauliza wazazi na watoto wenyewe. Kipofu atahitaji kitu cha kupapasa na cha kulia. Mtoto asumbuliwaye na kelele atahitaji mahali patulivu. Wafikirie kivuli, choo chenye mlango mpana, na fedha za kutunza pampu mwaka baada ya mwaka. Pampu iliyokufa haimfai mtoto yeyote.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinawataja watoto na michezo yao. Nasi twaweza kuanza kwa futi ya kupimia. Ngazi moja ya sentimeta 15 mlangoni huhitaji mteremko wa sentimeta 240 tu kwa kipimo nilichotaja. Mwanafunzi wa hesabu apime, fundi amwage zege, na mwenzetu mmoja zaidi ataingia uwanjani.