Hospitali bila kompyuta: Nini kingebaki?

Ukiingia katika hospitali kubwa ya Nairobi, Mombasa au Kisumu siku hizi, mara nyingi mtu wa kwanza kukuhudumia si daktari wala muuguzi. Ni karani aliyekodolea macho kioo cha kompyuta. Huuliza namba ya kitambulisho, hubonyeza, husubiri, na siku nyingine hutamka yale maneno ambayo wagonjwa wameyazoea: "Sistimu imekwama, ngojeni kidogo." Benchi hujaa. Mwenye homa hungoja, na mama mwenye mtoto mgongoni hungoja.

Si ajabu basi kwamba wako wasomaji wanaosema afadhali zamani, tulipotibiwa kwa kadi na kalamu. Je, ni kweli? Hebu tuchukulie kwamba kompyuta zote zimetoweka usiku mmoja, na simu za mkononi pamoja nazo, kwa maana simu nayo ni kompyuta ndogo. Asubuhi yake hospitalini kungebaki nini?

Kungebaki mengi, tena yaliyo muhimu. Kile chombo cha masikioni anachosikilizia daktari kifua chako kilibuniwa na Mfaransa Laennec mwaka wa 1816. Vimelea vya malaria vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1880, kwa hadubini na tone la damu, na njia hiyo ingali inatumika katika maabara zetu. Eksirei iligunduliwa na Röntgen wa Ujerumani mwaka wa 1895. Kwa miongo mingi picha zake zilisafishwa katika chumba cha giza kama picha za studio. Chanjo nazo hazihitaji umeme wa kompyuta. Ugonjwa wa ndui, ambao mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka wa 1977, ulifukuzwa duniani na watu waliotembea kijiji hadi kijiji wakiwa na sindano ya ncha mbili, kalamu na karatasi.

Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake ana malaria ya kawaida au anaharisha asingepata hasara kubwa. Hasara ingempata mwingine.

Mfikirie kijana aliyeanguka na bodaboda akaletwa hospitalini hajitambui. Ndani ya fuvu lake huenda damu inavuja na kuukandamiza ubongo. Eksirei ya kawaida itaonyesha ufa katika mfupa, lakini haionyeshi ile damu. Inayoionyesha ni skani ya CT, na skani hiyo bila kompyuta haipo kabisa. Mashine hupitisha miale kichwani kutoka pande nyingi na kupima ni kiasi gani kimepenya kila upande. Yanayopatikana si picha bali ni tarakimu, maelfu kwa maelfu. Kompyuta ndiyo inayozipigia hesabu tarakimu hizo na kuzigeuza kuwa picha ya kichwa kilichokatwa vipande, mfano wa mkate. Hesabu hizo zingemchukua mtu siku nyingi, na mgonjwa huyo hana siku nyingi.

Mashine hiyo ilitengenezwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, ambayo wengi waliijua kwa santuri za muziki. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka wa 1971. Sehemu ya hesabu zenyewe, hata hivyo, ina asili ya Afrika: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuzifikiria alipokuwa akisaidia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1979. Kabla yao, daktari aliyetaka kujua yaliyomo ndani ya fuvu alilazimika kuondoa maji ya uti wa mgongo na kuingiza hewa mahali pake, jambo lililomwachia mgonjwa maumivu makali ya kichwa, au kutia dawa ya rangi katika mishipa ya damu, au kutoboa fuvu akibahatisha. Aliyepatwa na kiharusi alikuwa katika hali iyo hiyo. Bila skani daktari hawezi kuwa na hakika kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayomwokoa yule wa kwanza, yaweza kumwua yule wa pili.

Kifua kikuu pia. Hadubini huviona viini katika makohozi vikiwa vingi, lakini haiwezi kusema kama vimekuwa sugu kwa dawa. Kuvikuza viini hivyo maabara ili kupata jibu huchukua majuma kadhaa, na mgonjwa wakati huo yumo nyumbani akikohoa miongoni mwa watoto. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwezi wa Desemba 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na husema pia kama dawa ya rifampisini itafanya kazi. Mashine hiyo huendeshwa kwa kompyuta.

Tuje sasa kwenye faili, mahali ambapo malalamiko ni mengi zaidi. Hapa Kenya ina historia ambayo wengi hawaijui. Mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa wa kila siku katika kompyuta, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Moi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Uzoefu wa huko ulisaidia kuzaa programu ya OpenMRS, iliyoanza kuundwa mwaka wa 2004 na ambayo leo hutumika katika nchi nyingi.

Watafiti walipima kwa saa yaliyotokea Mosoriot, wakachapisha matokeo mwaka wa 2003. Muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Hiyo ni habari njema. Lakini muda aliokaa na mhudumu wa afya nao ulipungua, tena kwa asilimia 58. Kwa maoni ya mwandishi huyu, tarakimu hiyo ya pili ndiyo inayostahili kujadiliwa katika kila hospitali inayonunua kompyuta. Huenda muda uliopotea ulikuwa wa kuandika tu, huenda pia ulikuwa wa kuulizwa, "Na nyumbani mnaendeleaje?"

Hata hivyo, anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi ana sababu ya kuishukuru kompyuta. Humaliza miaka mingi akirudi kliniki, na asipotokea siku yake, kompyuta hutoa jina lake ili atafutwe kabla dawa hazijamwishia. Katika rafu ya faili elfu kumi zenye vumbi, nani angegundua upesi kwamba mmoja hakuja?

Wapo wanaoamini kwamba bila kompyuta tungekuwa na afya bora kazini: hakuna macho makavu, wala shingo na viganja vinavyouma. Kuna ukweli kidogo tu. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika mwanzoni mwa karne ya 18 kuhusu makarani waliougua kwa kukaa kutwa, kwa kuchosha mkono kwa kalamu, na kwa akili kukazwa kwenye tarakimu wasikosee. Wapiga taipu wa ofisi zetu walikuwa na maumivu yao pia. Kinachodhuru ni kukaa mahali pamoja bila kunyanyuka, iwe mbele yako pana kioo au daftari la hesabu.

Kutoweka kwa kompyuta si ndoto tupu. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya kompyuta viitwavyo WannaCry vilivuruga mashirika ya hospitali za umma yapatayo 80 kati ya 236 huko Uingereza, na miadi ipatayo 19,000 ikakadiriwa kufutwa. Tarehe 14 Mei 2021 idara ya afya ya Ayalandi ilizima mitambo yake yote baada ya kuvamiwa na wahalifu. Wauguzi walirudia kalamu, majibu ya maabara yakabebwa kwa mkono, na wagonjwa wa saratani waliokuwa wakitibiwa kwa miale wakaahirishiwa matibabu. Hapa kwetu haihitaji mhalifu. Umeme ukipotea na jenereta ikagoma, inatosha.

Siku kama hiyo daktari hana kwingine pa kuuliza ila kwako. Kwa hiyo nunua daftari dogo la shule, moja kwa kila mtu nyumbani, na uliweke pamoja na kadi za chanjo za watoto. Andika kundi la damu kama limepimwa, upasuaji wowote na mwaka wake, ugonjwa wa kudumu kama kisukari au shinikizo la damu, na dawa ambazo mwili huzikataa, hasa penisilini na zile za salfa. Mama mjamzito asiache kijitabu chake cha kliniki nyumbani anaposafiri kwenda mashambani. Na kwa dawa za kila siku, nakili jina lililo kwenye pakiti pamoja na kipimo chake, kwa sababu "ile tembe nyeupe ya asubuhi" inaweza kuwa dawa ishirini tofauti.