Yermak na Khan Kuchum: Kiti Kilianguka, Dini Ikabaki

Mwaka 1895 mchoraji wa Kirusi, Vasily Surikov, alikamilisha picha kubwa ya vita katika mto Irtysh, Siberia. Upande mmoja wako Wakosaki wenye bunduki, wakiongozwa na Yermak Timofeyevich. Upande wa pili umejaa watu wenye pinde na mishale. Warusi humtukuza Yermak kuwa shujaa. Ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba wale wa upande wa pili walikuwa chini ya mtawala Muislamu, Khan Kuchum.

Wakosaki walikuwa wapiganaji wa nyikani, ambao mara nyingi walitumikia kwa ujira. Yermak aliajiriwa na ukoo wa Stroganov, matajiri wa chumvi na manyoya wenye ardhi karibu na milima ya Ural. Wakati huo Tsar Ivan wa Nne alikuwa amekwisha kuziteka dola mbili za Waislamu, Kazan mwaka 1552 na Astrakhan mwaka 1556. Ng'ambo ya milima ilibaki dola ya Sibir.

Yermak alivuka milima na watu wapatao 800 tu, wakafuata mito kwa mashua. Mwezi Oktoba 1582 walipambana na jeshi la Kuchum kando ya Irtysh. Kamanda wa jeshi hilo, Muhammad Quli, jamaa yake Khan, akajeruhiwa. Siku chache baadaye Wakosaki wakaingia Qashliq, mji mkuu, wakaukuta umehamwa.

Yawezekanaje wachache kiasi hicho waangushe dola? Bunduki ni sehemu ya jibu, wala si jibu lote. Kuchum alitwaa kiti mwaka 1563 kwa kumng'oa Yadigar, na ukoo ule haukusahau kisasi. Wengi wa raia wake, Wakhanti na Wamansi, hawakuwa Waislamu, na kilichowafunga naye kilikuwa kodi ya manyoya. Kuchum aliwaalika masheikh kutoka Bukhara waje kufundisha dini, lakini mafunzo hayo yalikuwa bado machanga. Aliposhindwa, wakuu wa makabila hayo walimwacha, wakampelekea Yermak kodi ileile.

Hata hivyo Kuchum, mzee aliyefifia macho, hakukata tamaa. Mwezi Agosti 1585 Yermak alitoka kwenda kuulaki msafara wa wafanyabiashara wa Bukhara, uliodaiwa kuzuiwa njiani. Usiku wa dhoruba watu wa Kuchum wakaivamia kambi yake, naye akafia mtoni. Inasimuliwa kwamba deraya aliyotunukiwa na Tsar ndiyo iliyomzamisha.

Warusi walirejea, wakajenga Tyumen mwaka 1586 na Tobolsk mwaka 1587. Mwaka 1598 walimshinda Kuchum kando ya mto Ob, wakawateka wengi wa jamaa zake na kuwapeleka Moscow. Yeye mwenyewe alikataa kujisalimisha hadi mwisho.

Dola ya Sibir haipo tena. Lakini Watatari wa Siberia, kizazi cha watu wale, ni Waislamu hadi leo, zaidi ya miaka 400 baada ya kiti kuanguka. Hawakuwa na khan wala jeshi la kuwalindia imani. Walikuwa na wazazi waliowarithisha watoto wao. Ndugu wasomaji, amana hiyo imo majumbani mwetu pia. Tumwombe Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitimiza.