Mpunga unaonyweshwa na bahari

Mkulima wa mpunga katika delta ya Rufiji hana pampu wala mfereji wa zege. Ana bamvua, maji kujaa makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Masika mto unapofura, maji kujaa huuzuia milangoni, kina kinapanda, na maji baridi yanaingia shambani yenyewe. Bahari ambayo chumvi yake ingeunguza miche ndiyo hiyo hiyo inayoyanyanyua.

Siri ni uzito. Lita ya maji ya bahari hubeba gramu 35 hivi za chumvi, hivyo huizidi ya mto kwa karibu asilimia mbili na nusu. Ni kidogo, lakini inatosha: ya mto hupita juu, ya bahari hunyemelea chini, juu ya tope. Yanapokutana usoni hujikusanya mstari wa povu, majani na vijiti. Huku maji rangi ya udongo, kule kijani.

Kinachovunja tabaka hizo ni msukosuko. Mkondo ukikwaruza sakafu ya mto huzaa visulisuli vya maji vinavyopanda juu. Na pale tabaka zinapopishana kwa kasi tofauti, viwimbi huinuka, hujikunja na kuvunjika ndani kwa ndani, huku uso wa maji ukionekana umetulia tuli. Mwaka 1920 Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyekuwa akichunguza hewa, si mito, alitupa kipimo: nguvu ya utengano wa tabaka igawanywe kwa mraba wa tofauti ya kasi. Jibu likishuka chini ya robo, mpaka unaweza kuvurugika.

Ndiyo maana bamvua ni rafiki wa mashaka. Huleta kimo ambacho shamba linakihitaji, lakini pia mikondo mikali inayokoroga. Masika mto huwa na maji ya kutosha kushinda. Kiangazi hushindwa, na chumvi hupanda mto.

Sasa kwenye mto huo kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Tunazungumza mno kuhusu megawati zake 2,115. Bwawa husawazisha mto: hupunguza kilele cha masika, huongeza maji ya kiangazi. Kwa mpunga wa masika, usawa huo si lazima uwe neema. Mimi ningetaka ratiba ya kufungulia maji isomwe pamoja na kalenda ya mwezi, kwa sababu maji yakifika deltani wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, yatapita baharini, na majaruba yatabaki makavu.