Draiva ya michoro inapoondoka, nani hufunga maji?

Kompyuta ina watumishi wengi wasioonekana, na miongoni mwao ni wachache wenye kazi nzito kama ya draiva ya michoro. Hii ndiyo programu inayosimama kati ya kadi ya michoro na programu nyingine zote, ikitafsiri amri za upande mmoja ziweze kufahamika upande wa pili. Herufi hizi unazozisoma, picha, filamu, hata mshale wa kipanya, vyote hupitia mikononi mwake. Maadamu ipo kazini, hakuna anayeikumbuka. Taabu huanza siku inapoondolewa.

Na kuondolewa huko hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu wa Ibra anachomoa waya wa USB uliokuwa ukipeleka picha kwenye skrini ya pili. Fundi wa Sur anafuta draiva ya zamani ili aweke mpya. Msimamizi wa mitambo mjini Nairobi anaihamisha kadi kutoka kazi moja hadi nyingine bila kuizima kompyuta. Katika hali zote hizo swali ni moja: vitu vyote ambavyo draiva iliviazima ilipoanza kazi, nani anavirudisha, kwa utaratibu gani, na je, kuna mwingine ambaye bado anavitumia?

Swali hili si la mafundi peke yao. Mwezi Oktoba mwaka 2023 kampuni ya Arm ilitangaza kasoro katika draiva za kadi zake za michoro ziitwazo Mali, ambazo zimo ndani ya simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki. Kasoro hiyo, iliyopewa namba CVE-2023-4211, iliiwezesha programu isiyo na mamlaka yoyote kuifikia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, na Arm ilisema kulikuwa na dalili kwamba watu walikuwa wakiitumia dhidi ya walengwa wachache. Pale hapakuwa na aliyechomoa waya. Lakini mzizi wa ugonjwa ni huo huo tunaouzungumzia: kitu kimerudishwa kwa mwenyewe, na kuna ambaye bado anakishika.

Zamu za maji za Nizwa

Wasomaji wetu wa Dakhiliyah na Sharqiyah, ambao wengi wao, au wazazi wao, walitoka Zanzibar baada ya mwaka 1964 na kuingia Oman hasa kuanzia mwaka 1970, hawahitaji kuelezwa falaj ni nini. Kwa wengine, falaj ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi au milimani hadi mjini na mashambani kwa nguvu ya mteremko tu, bila pampu. Shirika la UNESCO liliiorodhesha mifereji mitano ya Oman kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Mitatu iko Dakhiliyah: Daris wa Nizwa, Khatmeen wa Birkat al-Mouz na Malki wa Izki. Mmoja, Jeela, uko Sharqiyah upande wa Sur, na wa tano, Muyassar, uko Rustaq.

Kinachotuhusu hapa ni namna maji yanavyogawanywa. Katika mifereji mingi mtu hamiliki kiasi cha maji, bali anamiliki muda. Kipimo kimoja, athar, ni kama nusu saa. Zamani saa za mchana zilipimwa kwa kivuli cha jua na za usiku kwa nyota, na yupo msimamizi, arif, anayejua zamu ya nani inaisha na ya nani inaanza. Jambo la pili, ambalo wageni huchelewa kulielewa, ni kwamba haki ya maji ni mali peke yake. Hurithiwa, huuzwa na hukodishwa mbali na ardhi. Shamba laweza kuuzwa, na haki ya maji ikabaki kwa mwenyewe wa awali.

Msomaji alishike hilo la pili, kwani tutalirudia.

Draiva huazima nini?

Draiva inapoanza kazi hukusanya mambo mengi kutoka kwenye kerneli, yaani moyo wa mfumo wa kompyuta. Huomba kumbukumbu ya kuwekea picha. Huomba anwani za kuzungumzia na kadi. Huomba kupewa taarifa kila kadi inapopiga hodi kwamba imemaliza kuchora. Huwasha umeme na saa za ndani za kadi, huweka vipimamuda, huacha kazi nyingine zingoje foleni. Zaidi ya yote, huiruhusu kadi kuandika moja kwa moja ndani ya kumbukumbu bila kupitia kwa prosesa. Ruhusa hii ndiyo inayoleta kasi, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote.

Kisha wanakuja wateja. Programu inayopanga madirisha ya skrini hufungua mlango wa draiva na kuushikilia mchana kutwa. Kivinjari hufanya vivyo hivyo, na mchezo wa watoto pia. Picha moja yaweza kushirikiwa na draiva ya kamera au na kadi ya pili. Kwa hiyo siku ya kuondoka, draiva haina deni kwa kerneli peke yake. Inadaiwa na wapangaji wote hao, ambao wengine hawana habari kabisa kwamba nyumba inabomolewa.

Utaratibu wa kuaga

Aliyevaa kanzu kisha joho, huvua joho kwanza. Draiva nayo hurudisha vitu kwa mpangilio uliopinduka, cha mwisho kuchukuliwa kikiwa cha kwanza kurudishwa. Lakini kabla ya kurudisha chochote, ina wajibu wa kufanya mambo mawili.

La kwanza ni kufunga mlango ili asiingie mteja mpya. Katika Linux, draiva hujiondoa kwenye orodha ya vifaa vinavyoonekana, na anayekuja baada ya hapo hakuti kitu. La pili ni kuwashughulikia waliokwisha kuingia. Huwekwa alama kwamba kifaa kimeondoka, na kila anayetaka kuigusa kadi hulazimika kwanza kuitazama alama hiyo. Akiikuta, hurudi na jibu kwamba kifaa hakipo. Aliyeipita kabla haijawekwa huachwa amalize, na draiva humngoja. Ni kama zamu ya falaj: hakuna anayeweka jiwe mferejini wakati athar ya mwenzake haijatimia.

Baada ya hapo ndipo skrini huzimwa, kadi huamriwa iache kuandika kwenye kumbukumbu, hodi zake hukatwa, vipimamuda hufutwa na kazi zilizo kwenye foleni hukatishwa. Kumbukumbu hurudishwa mwisho. Ukiugeuza mpangilio huu, ukairudisha kumbukumbu huku kadi ingali inaandika, kadi haitajua. Itaendelea kuandika mahali pale pale, na huenda pale sasa pamekabidhiwa programu ya hesabu za duka au barua ya mtu. Kompyuta za kisasa nyingi zina mlinzi, sakiti inayozuia kifaa kuandika nje ya mipaka yake, lakini mlinzi huyo hayupo kila mahali, na palipo naye pengine hajawashwa.

Umri wa kifaa na umri wa haki

Sasa turudi kwenye shamba na haki ya maji, kwa sababu hapa ndipo waandishi wa draiva walipoteleza kwa miaka mingi.

Draiva ina vitu vyenye umri wa namna mbili. Viko vinavyoishi pamoja na kadi yenyewe: anwani zake, hodi zake, umeme wake. Kadi ikichomolewa, hivi havina maana tena na ni lazima viachwe papo hapo. Na viko vinavyoishi pamoja na wateja: daftari ambalo kerneli inaandika nani ameufungua mlango na ana picha zipi. Daftari hili halifi kadi inapochomolewa. Linatakiwa lidumu hadi mteja wa mwisho aufunge mlango, hata ikiwa ni saa nzima baadaye. Kadi ni shamba. Daftari ni haki ya maji.

Mwaka 2007 Linux ilipata utaratibu wa kuwapunguzia waandishi kazi: kila kitu kilichoombwa kwa jina la kifaa hurudishwa chenyewe draiva inapoachana na kifaa hicho. Ulikuwa msaada mkubwa, na uliziba mianya mingi ya kumbukumbu zilizosahauliwa. Lakini waandishi wengi wa draiva za michoro waliutumia hata kwa daftari la wateja. Matokeo yake, waya ulipochomolewa, daftari lilichanwa hapo hapo, na programu iliyokuwa bado imeushikilia mlango ilipokuja kuufunga, kerneli ilikwenda kusoma ukurasa ambao haupo. Bahati ikiwa nzuri, kompyuta huganda. Bahati ikiwa mbaya, mtu mwenye nia ovu huwa amekwisha kuuweka ukurasa wake mahali pa ule uliochanwa, na kerneli huusoma na kuutii. Kuganda ni nafuu, ingawa aliyepoteza kazi ya siku nzima hatakubaliana nami.

Dawa ilipatikana mwaka 2020, pale sehemu ya Linux inayosimamia michoro ilipopewa utaratibu wa pili unaofanana na ule wa kwanza, ila huu hufuata umri wa daftari na si wa kadi. Mtunza hesabu huongeza moja kila mteja anapoingia na hupunguza moja anapotoka. Ikifika sifuri, ndipo daftari hufutwa. Arif wa falaj ana macho na kumbukumbu ya kichwani. Kerneli ina hesabu hiyo tu, na ikikosewa kwa moja, imekosewa yote.

Alama inayodanganya

Ipo tata moja ambayo naiona tamu kuliko zote. Amri ya Linux inayoweka ile alama ya kuondoka, drm_dev_unplug, ilibuniwa kwa ajili ya kifaa kilichong'olewa ghafla. Lakini draiva huondolewa pia wakati kadi ipo mahali pake, nzima, na umeme unapita: fundi ameamua tu kubadilisha draiva. Alama ikiwekwa hapo, sehemu ya draiva inayopaswa kuizima skrini nayo huitazama, huona kwamba kifaa kimeondoka, na huacha kufanya kazi. Kadi basi hubaki imewaka, imeachwa bila bwana. Maelezo rasmi ya kerneli yenyewe yanaitaja kasoro hii. Draiva inayokubali kwamba waya waweza kuchomolewa wakati wowote hujikuta imejifunga mikono siku ambayo waya haukuchomolewa, na mwandishi wake hana budi kupima lipi ni la kulindwa na alama na lipi ni la kufanywa hata hivyo.

Kerneli hujaribu kujikinga kwa kukataa. Moduli ya draiva ambayo bado ina watumiaji haiondolewi. Jibu huja kwamba inatumika. Lakini ipo amri nyingine, ya kuitenganisha draiva na kifaa chake, nayo haina kikwazo hicho. Na waya wa USB haumwombi mtu ruhusa.

Wengine walichagua kulitatua jambo hili kwa mtumiaji. Mwaka 2015 Microsoft ilianza kuuza Surface Book, ambayo baadhi ya matoleo yake yalikuwa na kadi ya Nvidia ndani ya kibodi, huku skrini ikiwa ya kung'olewa. Programu ikiwa inaitumia kadi hiyo, kompyuta ilikataa kuiachia skrini mpaka programu ifungwe. Ni suluhisho la kistaarabu, lakini linahitaji kitasa ambacho kompyuta inaweza kukikaza, na waya wa kawaida hauna kitasa.

Kwa anayebadilisha draiva nyumbani

Msomaji asiyeandika programu naye ana la kufanya, hasa kwa vile kompyuta zilizokwisha kutumika hufika kwa wingi katika maduka ya kwetu zikiwa na mabaki ya draiva za wenye mali wa kwanza. Hifadhi kazi yako kwanza, na ufunge programu zote zinazotumia picha kwa wingi. Katika Windows, iwashe kompyuta kwa hali salama, ambamo mfumo hutumia draiva yake ya msingi na ile unayotaka kuifuta inakuwa haina wateja. Ifute, kisha uwashe upya kabla ya kuweka mpya. Katika Linux, badilisha draiva kwa kutumia programu ya kusimamia vifurushi ya mfumo wenyewe, na uiwashe upya kompyuta hata kama hukuambiwa, kwani draiva ya zamani huendelea kukaa ndani ya kumbukumbu mpaka hapo.

Simu haina kazi hiyo ya kufuta na kuweka. Draiva yake hubadilika kupitia masasisho ya mtengenezaji peke yake, na marekebisho ya kasoro kama ile ya mwaka 2023 hufika kwa njia hiyo. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuipelekea masasisho haitayapata.

Na kama ni kadi yenyewe unayoitoa kwenye ubao mama, zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na usiiguse kadi kabla taa ndogo ya ubao, kama ipo, haijazimika.